Panya Wako Wanahamia Kwangu Kesho

Jayanti,

Kesho Jumamosi, saa tatu asubuhi, nitafika dukani kwenu kuwachukua Nukta na Mkato. Treni ya bara inaondoka mchana, na shemeji Shanta anasafiri nayo kwenda Tabora kukaa kwa kaka yake. Hawezi kwenda na panya. Kaka yake anauza nafaka, na ameandika kwamba panya alio nao wanamtosha.

Nitakueleza mambo kwa mpangilio. Hukupenda habari inayoanzia katikati.

Ulikufa Jumatatu ya wiki mbili zilizopita, kabla ya saa nne asubuhi, umesimama mbele ya kasha lako la herufi pale kiwandani kwa gazeti letu. Mimi nilikuwa mahakamani nikifuatilia kesi ya shamba. Niliporudi, aproni yako ilikuwa imetundikwa msumarini na ukurasa wa tatu umepangwa hadi nusu. Wakaniambia ni moyo. Nikauliza ilikuwa saa ngapi, nani alikuwa karibu, ulisema nini. Hukusema kitu. Nikakaa, nikaandika tangazo la kifo, maneno ishirini na mawili, nikampa mpangaji wa herufi wa zamu ya mchana. Likatoka na herufi moja ya jina lako imesimama kichwa chini. Kwa miaka kumi na moja makosa ya namna hiyo uliyakamata wewe, ukisoma herufi za madini ya risasi kinyumenyume upesi kuliko wenzako wanavyosoma karatasi. Unakumbuka ulipokuja mezani kwangu na ile habari ya ajali ya lori? Ukasema taratibu, "Bwana Salehe, marehemu wa mstari wa pili amekufa tena mstari wa tisa." Nilicheka peke yangu. Wewe ulikuwa unasubiri nisahihishe.

Walipokuchoma kwa desturi yenu nilikuwapo. Nilisimama nyuma, karibu na lango, nikaandika katika daftari: saa kumi na robo, watu wapatao sitini, upepo wa kusini. Sikujua namwandikia nani. Sikulia. Nakuarifu tu, sijitetei.

Kesho yake nilikwenda kazini. Na keshokutwa yake.

Jumanne ya wiki hii shemeji aliniita. Nilimkuta amevaa nyeupe ya ujane, duka limefunguliwa ubao mmoja tu, nyuzi na vifungo vimefungwa ndani ya makasha. Picha ya mungu wenu Ganesh ilikuwa bado juu ya kaunta, na panya wake miguuni. Akaniambia kuua hawezi, wala hawezi kumpa mtu akawaue. Jirani amemshauri awaachie mtaroni. "Bhai Salehe," akasema, maana huniita kaka kwa lugha yenu, "wewe unawajua paka wa sokoni. Panya mweupe atafika wapi?"

Nikasema nitamchukua mmoja. Sijui kwa nini nilisema mmoja. Nadhani niliona mmoja ni kazi ndogo.

"Wawili, au basi," akasema. "Mmoja akibaki peke yake hali. Anakaa pembeni tu, manyoya yamemsimama."

Alikuwa anazungumza habari za panya. Nikatoa daftari, nikaandika: wawili.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sijui kitu. Jumapili ngapi nimekaa katika chumba chenu cha nyuma nikinywa chai, na Mkato amekupanda begani ananusa sikio lako, nami nimejisogeza mwisho wa benchi? Najua ulipewa na mtumishi wa maabara, walipozaliwa wengi kuliko waliotakiwa kwa majaribio. Zaidi ya hapo sikukuuliza. Kazi yangu ni kuuliza watu, na nimewauliza hadi wachimba visima, lakini wewe sikukuuliza wanakula nini.

Basi nilimhoji mkeo. Nafaka, dengu zilizolowekwa, ukoko wa chapati usio na chumvi. Maji yabadilishwe kila asubuhi. Nyama hawajaonja, na dagaa nisiwape hata wakiomba, nimeahidi. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji, sisimizi wasipande. Nikamwambia malazi yao yasimtie wasiwasi, maana nina magazeti ya miaka minne chini ya kitanda. Akanitazama. "Hata yeye aliyeyachapa hakuwalaza juu yake," akasema. Kumbe wino unawaletea chafya. Ulikuwa ukiwachukulia vipande vyeupe vinavyokatwa pembezoni mwa karatasi pale kiwandani, na mimi kila Jumamosi nikikuona umebeba kile kifurushi nilidhani ni cha kufungia vifungo.

Nikauliza pia kama kuna jambo ulilolifanya kila siku. Akafikiri kidogo. Akasema kabla ya kufungua kabati lao ulikuwa ukigonga ubao wake kwa ukucha, mara mbili, wapate kujua ni wewe.

Kabati lao haliwezi kuhama kwa sababu ulilijengea ukutani, kwa hiyo Jumatano nilikwenda mtaa wa Gerezani kwa fundi mmoja anayetengeneza masanduku karibu na karakana za reli. Nilichukua sanduku la chai tupu. Nikamwambia nataka upande mmoja utiwe wavu wa waya, na mlango wenye kitasa.

Akauliza, "Wa kuku?"

Nikamwambia wa panya.

"Ala, mtego."

Nikamwambia si mtego, ni nyumba. Akaweka nyundo chini. "Bwana mkubwa, mji mzima huu ni nyumba yao. Wewe unawajengea nyingine?" Wenzake wawili wakaja kunitazama. Lakini alifanya kazi. Mara ya kwanza aliweka wavu wa matundu mapana. Nikapitisha kidole changu cha mwisho kikaingia, nikamwomba aubadilishe, maana shemeji amesema pakipita kidole hicho hupita na kichwa, na kikishapita kichwa mwili hauna tatizo. Fundi akasema amejenga hadi vitanda vya maharusi na hajapata kupimiwa kwa kidole. Akaubadilisha.

Alhamisi nikamkabili Bi Zena, mwenye nyumba wangu. Bila yeye kukubali, sanduku ni bure. Ulimjua alivyo. Panya weusi walimtafunia doti saba za kanga ndani ya kasha, na ameapa kuwamaliza. Nilimkuta barazani baada ya alasiri, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikasema haja yangu bila kuizungusha.

Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi ukumbini, "Salehe, baba, ile habari yako ya panya wa maghala nilisomewa hapa hapa. Uliandika panya ni adui wa kila nyumba. Nikaziba matundu mawili kwa saruji kwa ajili yako. Leo unataka niwafungulie mlango?"

Mama Hadija, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa anapepeta mchele. "Labda anataka kuwahoji," akasema. "Aandike na upande wao."

Wakacheka. Nami nikaona inakwenda kukataliwa, na zimebaki siku mbili, na baada ya hapo ni mtaro. Nikasema, "Ni wa marehemu."

"Marehemu gani?"

Nikasema, "Jayanti."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lako tangu Jumatatu ile. Kuliandika nimeliandika.

"Yule wa jalebi?" Bi Zena akauliza. Kila Idi ulimletea boksi la vitamu hivyo, akakulazimisha pilau, ukala wali wa pembeni tu usiogusa nyama, ukasema umeshiba. "Amekufa lini?"

Nikamwambia siku kumi na saba.

Mama Hadija akaacha kupepeta. Kisha Bi Zena akasema, "Nyumba hii imefiwa siku kumi na saba, na mimi nakaa mlangoni hapa nacheka na wapita njia."

Nikajaribu kumweleza. Kwamba hukuzikwa, ulichomwa. Kwamba matanga ya kwetu hayakuwapo, taratibu zenu zilifanyika kwenu na zimekwisha. Kwamba hatukuwa ndugu, tulifanya kazi pamoja tu.

"Sikukuuliza amezikwaje," akasema. "Nakuuliza nani alikuambia wewe si mfiwa."

Nimehoji mahakimu na manahodha, Jayanti, na hapo nilihojiwa mimi. Kweli nilikuwa nimefikiri hivyo: msiba ni wa shemeji na jamaa zako, mimi ni mtu wa kuandika tangazo. Zile siku kumi na saba nilipita pale ukumbini asubuhi na jioni nikisema sijambo, na kila mtu akaniamini kwa sababu sura yangu ndiyo hii hii.

Akaagiza mkeka utandikwe uani. Nikaketishwa. Wapangaji wakatoka chumba baada ya chumba, wakanipa mkono. "Pole, Bwana Salehe." Nikajibu nimeshapoa. Mzee wa chumba cha mwisho, ambaye hatusemeshani tangu tugombane juu ya bomba la maji, naye akaja, akanishika mkono asiuachie upesi. Mama Hadija akaleta chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Hakunitazama alipokuwa akiuweka. "Mimi na mdomo wangu," akasema, akaenda zake.

Ungetaka kujua nilihisi nini. Nilihisi joto la kikombe mikononi. Sikuhisi zaidi ya hapo, na siwezi kuandika nisichokiona. Lakini nilikaa mpaka mkeka ulipokunjwa. Kazini nisingekaa mahali muda huo wote bila daftari.

Panya nilidhani wamesahauliwa. Nilipoinuka Bi Zena akaniita. "Hao yatima waje," akasema. "Ila wakitoka nje ya sanduku, sitauliza ni weupe au weusi."

Leo Ijumaa nimekwenda kiwandani kuomba vipande vyeupe. Mpangaji mpya wa herufi anasimama mahali pako na mguu mmoja juu ya kigoda. Si mbaya kazini. Nilimkuta anasahihisha habari yangu ya bandari, nikamwacha.

Sanduku liko juu ya meza, chini ya dirisha, mahali jua la mchana halifiki. Makopo manne yana maji. Nimetandika vipande kimo cha shubiri moja, nimeweka chungu kilichovunjika mdomo wawe na pa kujificha, na ubao wa kutafuna, maana meno yao hayaachi kukua. Nimejaribu kugonga mara mbili kwa ukucha. Mama Hadija alikuwa anapita, akauliza ni nani anabisha hodi nami simfungulii. Nikamwambia najifunza. Hakunitania.

Nina wasiwasi kidogo wa kuwashika. Shemeji anasema nisiwanyanyue kwa mkia, niweke kiganja chini wapande wenyewe, na wakikataa nisubiri. Ameniambia huenda wakakataa kwa wiki. Kusubiri naweza, nimewahi kusubiri hukumu siku nne kwenye benchi.

Sijui kama nitawapenda, na sitakudanganya. Nitawalisha, nitabadilisha maji, sitawatenganisha. Dagaa hawataonja. Nitamwandikia shemeji kila mwezi habari zao, kwa kifupi, na hali halisi hata ikiwa mbaya.

Na liko jambo moja zaidi, kisha nikuache upumzike. Shemeji ameniambia panya hawaishi sana, miaka miwili au mitatu, na hawa wameshatimiza mmoja na ushei. Kwa hiyo siku hiyo itakuja na itanikuta mimi. Mmoja wao akifa sitapita ukumbini nikisema sijambo. Nitatoka barazani saa ile ile, nimwambie Bi Zena tumefiwa.

Kwa heri, rafiki yangu.

Salehe