Kikombe Ambacho Hakuna Aliyekipokea

Bashay, Mbulu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na kahawa mmeshaianika. Mimi mwili ni mzima. Nakula na kufundisha.

Mama, kaa chini kwanza. Mjukuu wako, yule tuliyempa jina lako, hayupo tena. Aliharisha siku mbili, ya tatu akanyamaza. Mume wangu alikuja kutoka mashamba ya ngano kule Hanang, tukazika, akarudi kwenye trekta lake. Mwalimu mkuu, ambaye naye ni mgeni hapa, aliniambia kazi ni dawa ya majonzi. Siku ya tano nikashika chaki. Sikulia. Nilikuwa kama gogo, ukilisukuma linaviringika, ukiliacha linatulia.

Wiki iliyofuata akaja mtaalamu wa chuo kikuu kutoa mhadhara kwa wanakijiji. Darasa lilijaa akina mama na watoto wao. Mada yenyewe ilikuwa kuhara kwa watoto. Nilisikiliza kama mtu anayesomewa bei ya mabati. Yeye alizungumza Kiswahili kirefu, katibu wa kijiji akikifupisha kwa Kiiraqw. Kisha akachanganya maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi kidogo, akanipa kikombe niwaonjeshe akina mama.

Wa kwanza alikuwa Mama Safari, jirani yangu, ambaye tangu nihamie hapa ndiye aliyekuwa akiniletea maziwa. Alitazama kikombe, akatazama mikono yangu, akamfunika mwanawe kwa shuka, akatoka. Wa pili naye akatoka. Nilipofika mwisho wa benchi la mbele tulikuwa tumebaki wanaume wachache, mtaalamu na mimi. Maskini, aliuliza kama chumvi imezidi. Akaonja mwenyewe, akasema mbona iko sawa.

Kesho yake asubuhi Mama Safari alikuja akasimama nje ya ua. Nilimkaribisha, hakusogea. Nikamuuliza nimewakosea nini. Akanieleza kwamba kwao mama aliyefiwa na mtoto hukaa kwake muda mrefu, hachanganyiki na watu, wala hakuna anayepokea maji mkononi mwake. Waliponiona na chaki walishangaa, wakaona haya kumwambia mwalimu.

"Mwalimu, wewe umefiwa," alisema. "Mtoto si kitu kidogo. Nani alikuambia utoke?"

Mama, wote walikuwa wameniambia nijikaze. Nilikaa chini pale mlangoni nikalia sana, na yeye akasimama kule kule mpaka nikamaliza. Halafu nikamweleza kwa sauti, toka mlangoni, yale maji yanavyochanganywa. Alirudia mara tatu, asikosee, akaenda kuwaambia wenzake.

Nimemwambia mwalimu mkuu sitoki. Hakupenda, akasema taifa halijengwi hivyo. Nimemwacha aseme.

Msalimie baba mdogo na mkewe. Dada aliyeniazima kitenge cha kubebea mtoto mwambie kipo, nimekifua. Shangazi asiambiwe mpaka apone.

Nauli ya basi ni kubwa na njia ni mbaya, najua. Tena Mama Safari anasema atakayeingia humu naye hatatoka mpaka mimi nitoke. Njoo, Mama, tukae.

Mwanao,
Restituta