Kaburi la Viatu

Mwanangu kipenzi,

Sisi tu wazima. Baba yako anakohoa, ila kwa ubishi hajambo. Wewe unakula lakini? Usinijibu "nakula mama" wakati kwenye picha nahesabu mbavu.

Pasaka tumeisali. Ijumaa Kuu nilivumilia, maana mama yake Yesu naye alisimama pale msalabani, na angalau yeye walimteremshia mwanawe akamwona. Jumapili ndiyo ilinishinda. Mchungaji alisema, "Kaburi ni tupu," watu wakapiga makofi, mimi nikatoka nje. Hata letu ni tupu, mwanangu, tangu tulipozika viatu vya kaka yako kwa kuwa mto haukumrudisha.

Nikaenda pale kaburini. Nyuma yangu mwanamume akaita, "Mama." Nikakumbuka Maria Magdalena alivyomdhania Yesu kuwa mtunza bustani. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka atakuwa mfyeka majani tu, nikataka awe kaka yako kwa muda kidogo zaidi.

"Mama, jua kali hilo, sogea kivulini."

Nikageuka. Alikuwa mfyeka majani.

Sasa baba yako anataka kulijengea kaburi hilo kwa saruji. "Unamngoja nani atoke humo?" ananiuliza. Nimemkubalia. Yesu atamfufua kaka yako huko huko mtoni aliko, hilo naliamini kabisa.

Ila mlango wa nyuma bado siutii komeo usiku. Usimwambie baba yako.

Ni mimi mama yako, nakuombea.