Sukuma Yangu Haing'olewi

Kutoka shambani, chini ya Kerugoya

Kwa mtoto wangu Wanjira,

Mimi niko mzima, ni joto tu la huku linanipika. Wewe unalala vizuri? Na kifua cha ndugu yako Kimani kimepoa? Asitoke asubuhi bila sweta, hata akinung'unika. Barua yako nimeisoma. Ningepiga simu, lakini simu ya huko nyumbani iko kwa baba yako mdogo Ndegwa, na yeye hupenda kusikiliza ya watu. Ndiyo maana barua hii nimempa huyu mama anayeuza viazi, anarudi huko kwetu Mweiga.

Unasema mboga yetu ya sukuma wiki imekuwa rangi ya majivu, ati ukimwaga maji yanateleza kama jani limepakwa mafuta. Ndegwa akasema ni ugonjwa, uoshe na sabuni. Ukaosha mstari mmoja, jani kwa jani, mpaka yakang'aa. Sasa huo mstari ndio umenyauka, na yeye anasema ugonjwa umeingia ndani, Jumamosi anakuja kung'oa yote apande nyasi ya ng'ombe wake.

Wanjira, huo si ugonjwa.

Huku tunapalilia sukuma ya mbegu ile ile niliyokuachia. Mahali paipu ya maji inafika, jani ni kijani, laini, pana kama sahani. Kule mwisho maji hayafiki, na jani ni gumu, jeupe jeupe kama limenyunyiziwa unga. Niliogopa kama wewe. Nikamuuliza Mama Njoki, yule wa Kiriaini tunayepalilia naye, nikamwambia labda tuyaoshe. Alicheka mpaka akaegemea jembe.

"Hiyo ni nta, mama wa Mweiga. Jani likiona kiu na jua linajipaka, lisikauke. Ati ulioshe? Basi na wewe vua nguo ulime hivyo mchana."

Na huko kwetu mchana ni jua, usiku ni baridi ya mlima, upepo ni mkavu na mvua imekataa. Sukuma imevaa sweta yake, wewe ukaivua. Usilie, hukujua. Usisugue tena. Mwagilia jioni, chini kwa shina, halafu funika udongo na nyasi kavu. Majani ya zamani yatabaki na majivu yake, mchume mle, hayana neno. Yale machanga ya katikati, maji yakitosha, yatakuja kijani. Na huo mstari ulionyauka usiukatie tamaa, mizizi bado iko.

Sasa nisikie vizuri. Hilo shamba tulilivunja na marehemu baba yako, mawe tukibeba kwa mgongo. Ndegwa alikuwa wapi? Nimekuja huku kutafuta chakula chenu, sikuhama. Akidhani mtu akiwa mbali amekufa, nimekataa kufa.

Jumamosi akija na jembe usipige kelele, na usimtusi. Mwite yule nyanya mzee wa ng'ambo ya mto aje asimame karibu, aone. Wewe ni mtoto wangu wa kwanza wa kike, tukakupa jina la mama yake Ndegwa kama desturi yetu inavyotaka. Tangu ukiwa mchanga anakuita maitu, mama yangu. Basi simama kwa mstari wa kwanza umwambie polepole: "Ndegwa, mama yako amekataa." Umwambie mara moja tu, unyamaze. Mimi najua nyumba niliyoolewa. Ndegwa anaweza kunipuuza mimi, mke wa ndugu yake. Kung'oa mboga ya mama yake, huyo nyanya akimtazama, hawezi.

Mwambie Kimani asimame nawe, na avae sweta.

Nisalimie dada yangu anayeuza maziwa, na huyo nyanya wa ng'ambo. Na baba yako mdogo pia umsalimie, umwambie sina ubaya na ng'ombe wake. Ila nyasi waile huko kwao.

Ni mimi mama yako,
Nyaguthii