Mbwa Anayesubiri Karibu

Mdogo wangu Salimu,

Bibi kapona mafua, anauliza kama unakula vizuri huko Dodoma. Umeniuliza kama mchukue mbwa mkubwa wa ulinzi, kwa kuwa wezi wameruka ukuta wenu. Nikueleze nilichokiona Matemwe, kwa Babu Pandu.

Mbwa wake, Jabali, ni mkubwa kama ndama. Nilipofika alisimama langoni, akaniangalia tu. Nikapiga hodi, na sauti yangu unaijua.

"Hodi ya kunong'ona ni ya mwizi!" Babu akacheka kutoka ndani. "Paza sauti, binti!"

Nikapaza. Babu akajibu, "Karibu!" Hapo hapo Jabali akanipisha, akaenda kulala kivulini, wala hakunigusa hata buibui langu. Nilistaajabu, na woga ukanitoka. Babu alimfundisha hivyo tangu mdogo: bila ya "karibu" hapiti mtu, na anayelazimisha hung'atwa. Ndiyo maana nyumba ile haiachwi tupu. Babu akienda msikitini, mkewe hubaki.

Nyinyi nyote mnatoka asubuhi, mnarudi jioni. Mtoto wa jirani akipiga hodi mchana, amefuata mpira wake uani, nani atamwitikia "Karibu"?

Dada yako anayekukumbuka,
Zuhura