Siga ya Baharia na Hukumu ya Bibi Somoe

Mtwara, Jumanne

Shikamoo Baba,

Mvua imeshika. Korosho zimefunikwa turubai, na sisi makarani wa bandarini tumekaa tu. Baharia mmoja kanipa siga, ile sigara nene ya majani matupu, akaisifu kuwa ni laini. Nilivuta kidogo: moshi mtamu, haukwaruzi koo. Nikampelekea Bibi Somoe, muuza ugoro wa hapa getini, aipime. Hakuiwasha. Alikata kipande, akakisaga kwenye kigae, akanusa, akangoja chafya. Haikuja.

"Mjukuu wangu," akasema, "haya majani tu. Tumbaku haimo."

Daktari alikukataza tumbaku, Baba; majani hakuyataja. Nusu iliyobaki nimekuwekea.

Msalimie sana Mama, ila kadi hii usimsomee.

Mwanao,
Hamisi