Mkono wa Kushoto wa Mama Najiat

Mshauri Apolinaria, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo mwanangu ataaibika mbele za watu, na mwenye kosa ni mimi mama yake.

Nakaa hapa Cheyo, nina watoto wawili, mume wangu Awadhi ni mwandika mabango, majina mengi unayoyaona ubavuni mwa malori ni kazi ya mkono wake, na sasa ana miezi miwili yuko Igunga kwenye malori ya mchele, na mwanetu wa kwanza Najiat ana miaka saba, yuko darasa la pili. Mwalimu wao, Mwalimu Josepha, kila siku huwapa ukurasa wa mwandiko wa kufanyia nyumbani, na Najiat alikuwa akishika penseli kama anayeshika mwiko, anabonyeza mpaka karatasi inatoboka, analia, nami nina sufuria jikoni na mdogo wake mgongoni, basi siku moja nikasema ngoja nimmalizie mstari mmoja tu, nikauandika, nikaona unaonekana wa mtu mzima, nikaufuta, nikahamishia penseli mkono wa kushoto, na hapo, mshauri wangu, ukatoka mwandiko wa mtoto, lakini mtoto hodari, kila herufi imekaa mahali pake. Kesho yake mwalimu akaweka vema kubwa na kuandika “Hongera sana”. Jioni Najiat akaniletea daftari mwenyewe, akaniambia, “Mama, andika wewe, mwalimu anakupenda.” Nilicheka, nikaandika. Nimeandika muhula mzima.

Darasani wanakaa watoto wanne dawati moja, kwa hiyo mwalimu akiona mwandiko wake wa kule umeharibika anadhani ni kubanwa. Awadhi alipopita nyumbani mara ya mwisho alilichukua daftari lililokwisha kujaa akaenda nalo Igunga, anawaonyesha madereva, anawaambia, “Mnaona? Mkono wangu umezaliwa upya.” Na sasa Mwalimu Josepha amemchagua Najiat, katika darasa zima, aandike sentensi tatu ubaoni siku ya wazazi, na Awadhi anakuja na brashi mpya ya kumzawadia.

Mwanangu hajui hata kuifunga herufi “a”. Ameanza kukataa kula. Wifi yangu Asmahani ananiambia nimpeleke Najiat kwa shangazi yake wa kijijini Ntalikwa niseme ana homa, tena anasema najisumbua bure, siku hizi nani anaandika kwa mkono, simu inaandika, hata ukiisemesha inaandika. Je, nifuate shauri la wifi? Au nimwambie mwalimu, na mume wangu atanitazama kwa macho gani? Namba yangu ya simu iko chini.

Ni mimi, mama aandikaye kwa kushoto, Cheyo.

*

Mama wa Cheyo, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka.

Kwanza, pole. Sufuria, mtoto mgongoni, mwingine analia mezani, mume yuko safari: nayajua hayo, nimeyapitia. Lakini pole yangu inaishia hapo. Muhula mzima umemfundisha mwanao somo moja tu, tena umelifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote: kwamba mkono wake haufai. Kila hongera uliyoipokea wewe ilimwambia yeye kuwa kuna mtoto mwingine humo ndani ya nyumba, mzuri kuliko yeye, ambaye ndiye anayependwa. Ndiyo maana hali chakula. Huyo mtoto asiyekuwapo amekaa kwenye sahani yake.

Sasa wifi yako. Mwambie nimemsikia, na ninamjibu hadharani. Bi Asmahani, simu inaandika, ndiyo. Simu pia inahesabu, lakini wewe ukienda sokoni hukubali mwenye duka akuhesabie peke yake. Mtoto wa miaka saba anayeichora herufi kwa mkono wake, akaikosea, akaifuta, akairudia, anaifahamu herufi ile kwa namna ambayo kidole kinachobonyeza kioo hakitaifahamu. Nimesoma waliochunguza jinsi watoto wanavyojifunza kusoma, nao wanasema hivyohivyo: mkono unalifundisha jicho. Ndiyo maana shule zetu zinaanza na kusoma, kuandika na kuhesabu, si na kubonyeza. Na usisahau unakaa wapi. Kutoka mji huu, enzi za misafara, barua zilikwenda Ujiji na pwani kwa miguu ya watu, miezi njiani, na aliyeipokea alimjua mwandishi kwa kuutazama mwandiko kabla hajalifikia jina. Leo unataka mjukuu wa watu hao, tena binti wa mwandika mabango, ajulikane kwa herufi zilezile za kiwandani zilizomo katika kila simu? Sikubali! Na homa ya Ntalikwa nenda nayo wewe mwenyewe, kama unaumwa.

Mama Najiat, una siku kumi na nane. Zinatosha. Leo hii mpigie Awadhi umwambie yote, usiseme “tuliandika”, sema “niliandika”. Kesho asubuhi nenda kwa Mwalimu Josepha, Najiat asiwepo kusikia, umwambie hayohayo, na umwombe mtoto aulizwe mwenyewe kama anataka kuandika siku hiyo. Akikataa, asilazimishwe. Akikubali, aandike sentensi zake, si za kunakili.

Halafu kazi. Mtoto wako hana uvivu, ana vidole laini. Mpe karanga amenye, mpe unga akande, mpe kitambaa akamue. Chukua ungo, tandaza mchanga mkavu, aandike herufi moja kubwa kama kichwa chake kwa kidole, autikise ungo, aandike tena. Akiizoea, mpe chaki, aandike sakafuni. Penseli ije mwisho, tena iwe fupi kama kidole chake, maana penseli fupi haishikiki kama mwiko. Robo saa kwa siku, basi, akiwa ameshakula. Akikosea usimsahihishie, muulize, “Ipi kati ya hizi imekaa vizuri?” aichague yeye. Na huo mkono wako wa kushoto uliojaa hongera, uweke begani mwake. Kazi yake ni hiyo tu.

*

Jibu hilo nilimsomea kwa simu siku ileile, maana kungoja gazeti kungemlia siku. Sasa yamekwisha, naye ameniambia niandike majina yote, amechoka kujificha. Anaitwa Kuluthumu.

Awadhi aliposikia alimwomba Kuluthumu arudie tangu mwanzo. Kisha akauliza, “Kwa hiyo madereva wote nimewaonyesha mwandiko wa mke wangu?” Keshokutwa yake alishuka basi la kutoka Igunga, begani ana gunia la karanga.

Mwalimu Josepha naye alisikiliza mpaka mwisho. “Mimi dawati ndilo nililolilaumu,” akasema. “Na zile hongera zote nilikuwa nakupa wewe?”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Basi unazo za kutosha. Tumtafutie mtoto zake.”

Akamuuliza Najiat kama ataandika. Najiat akafikiri, akasema, “Nitaandika, lakini msiniharakishe.”

Siku kumi na sita ungo ule ulitikiswa. Baba anayenyoosha herufi ubavuni mwa malori alikaa sakafuni na chaki, akimwambia binti yake, “Mama, usiivute kama kamba, izungushe, rudi ulikotoka.” Siku ya tisa “a” ikafunga. Najiat aliruka uani akipiga kelele, “Imefunga! Imefunga!” hata jirani akatoka kuuliza mlango gani.

Ijumaa ikafika. Nilikwenda kujionea, nikakaa nyuma. Asmahani alikuwa safu ya mbele, simu yake tayari kupiga picha. Najiat alisimama juu ya kiti, akaandika, na wazazi wote walingoja kama alivyoagiza, bila kumharakisha:

Naitwa Najiat Awadhi.
Baba anaandika malori.
Mimi naandika ubao.

Mstari wa tatu ulishuka kama unateremka mlima, na “j” ya jina lake iliinama upande. Lakini kila “a” ilikuwa imefunga. Nilizihesabu. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, Kuluthumu akapiga vigelegele huku akilia, na Awadhi akasimama akapaza sauti, “Hiyo ‘j’ imepata pancha, lakini ni yetu!” Najiat akageuka, akaiangalia, akasema mbele ya watu wote, “Hiyo niliona, baba. Nitaitengeneza.” Akaifuta kwa kiganja. Akaiandika upya. Ilisimama wima.

Jumatatu iliyofuata Asmahani alimpeleka mwanawe akamenye karanga kwa Kuluthumu. Alipoulizwa vipi kuhusu simu, alijibu, “Nyamaza, wifi.”

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ambaye daftari la mwanao lina mwandiko unaofanana mno na wako, leo hii mrudishie penseli yake, uikate iwe fupi, ukae pembeni. Na ukiwa kwenye barabara ya Igunga ukapishana na lori la mchele lenye neno SALAMA ubavuni, herufi tano zimenyooka kama za kiwandani na “A” ya mwisho imeegemea kidogo, mwambie dereva apunguze mwendo uitazame vizuri. Brashi mpya ya Najiat imeanza kazi.