Nimeulizwa Kama Ulikuwa Utani

Mshauri wetu mpendwa,

Salaam nyingi, na baada ya salaam naomba unisaidie upesi, maana Jumamosi hii asubuhi natakiwa kutoa jibu na mpaka leo Alhamisi sijui nitajibu nini. Mimi ni karani katika ghala moja la sufi huku Gerezani, ile sufi ya kujazia mito na magodoro, na kazi yangu ni kuita majina ya wanawake wanaochambua, kila asubuhi kabla hawajakaa, na nimeifanya miaka sita bila lawama. Nyumbani kwangu ni Kariakoo, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Bi Kijakazi, mjane, Mzaramo kama mimi, ambaye mwaka huu baada ya mfungo aliniomba nimtafutie kazi binti yake Zena, akaniambia kwa mdomo wake kwamba anamtoa mikononi mwake na kumtia mikononi mwangu.

Basi nikampeleka kwa nyapara wetu, Vitalis, mtu wa Tabora, na kwa kuwa sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, nikasema mbele ya wanawake wote, "Nyapara, nimekuletea mtani wako, mtese utakavyo." Watu wakacheka, naye akacheka, na Zena akapata kazi siku ile ile. Maneno hayo niliyasema mimi, mshauri, sikufichi.

Tangu hapo nyapara akawa anamwita Zena "mke wangu", jambo la kawaida kwa watani, na Zena naye akawa anamjibu kwamba hana mahari ya kuoa hata paka, tukacheka. Sufi huruka ikanata kichwani na nguoni, na nyapara akaanza kumtoa sufi nyweleni, kisha shingoni, kisha mahali ambapo sufi haifiki, na kila Zena aliporuka yeye alisema kwa sauti kwamba huyo ni mtani wake, na watu wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa siku nyingine nilicheka huku nikitazama daftari. Mchana mmoja Zena akanifuata mezani akaniambia, "Kaka, mwambie aache. Huu kwangu si utani." Nikamwambia mtani hakasirikiwi, mjibu na wewe. Akanisikiliza. Kesho yake nyapara alipomjia, akamwambia mbele ya wenzake kwamba hata ndevu zake zina sufi, ainame amnyoe kwa kipande cha chupa. Wanawake walicheka mpaka wengine wakalala juu ya magunia, lakini nyapara hakucheka, na asubuhi iliyofuata akamhamishia stoo ya ndani, peke yake.

Jumatatu mlango wa stoo ile ulifungwa. Nilikuwa mezani, hatua kumi tu kutoka hapo, nikausikia ukifungwa, nikasikia magunia yakianguka, sikuinuka. Ulipofunguka Zena alitoka bila kanga yake ya juu, kichwa wazi, gauni limechanika begani, akapita mbele yangu, nami nikainamia daftari kana kwamba naandika. Hakusimama, alikwenda moja kwa moja kwa tajiri, mwenye ghala.

Tajiri wetu ni mgeni wa mila zetu. Alipomwita nyapara, nyapara akamwambia kwamba huo ni utani wa makabila yetu, amuulize karani, maana karani ndiye aliyewatambulisha. Tajiri akaamua kwamba Jumamosi niseme mbele yao wote wawili, ulikuwa utani au haukuwa. Nikisema ulikuwa utani, Zena atafukuzwa kwa kumsingizia mkubwa wake. Nikisema haukuwa, nyapara amekwisha kuniapia kwamba hata mimi sitaliona tena ghala lile. Wala haniombi niseme uongo, ananiomba nirudie tu yale niliyosema siku ya kwanza, na yale ni kweli niliyasema. Mke wangu ananiambia nifikirie watoto watatu. Jana nilimwamkia Bi Kijakazi shikamoo barazani kwake, hakuitikia.

Mshauri, nikisema ulikuwa utani, nitakuwa nimesema uongo?

Ni mimi niliyekwama,
Karani, Kariakoo

JIBU

Bwana Karani,

Ndiyo, utakuwa umesema uongo, na unalijua hilo, ndiyo maana umejaza kurasa nne kabla ya kuniuliza.

Nakuhurumia kwa ajili ya watoto wako, sikatai. Lakini usinieleze habari za utani, maana na mimi nina watani. Alipofariki mume wangu, mtani wetu mmoja wa Kinyamwezi alivaa kanzu ya marehemu akatembea uani akimwiga ule mwendo wake wa kuchechemea, anadai chai yake imepoa. Nilicheka huku machozi yananitoka. Kisha akavua kanzu, akashika jembe, akaenda kuchimba kaburi. Alifanya hayo watu wote wanaona, na lolote ambalo ningemjibu asingenuna. Nyapara wako amejibiwa neno moja tu akanuna, akamhamisha mtoto wa watu, akafunga mlango. Usilitwike kabila lake mzigo huo, watu wa kwao wangemwonea haya.

Kwa yale maneno ya siku ya kwanza sikulaumu sana, ulisema kama watu wanavyosema. Nakulaumu kwa mchana ule alipokuja mezani kwako. Alikwambia wazi kwamba si utani, nawe ukamrudisha kwa yule yule anayemkimbia. Tena magunia uliyasikia. Halafu umeniandikia alivyosema nyapara, alivyosema tajiri, alivyosema mkeo, lakini tangu Jumatatu hukuniandikia hata mstari mmoja kwamba umekwenda kumuuliza Zena hali yake. Naona hukwenda.

Barua yako imenifikia Ijumaa jioni na gazeti hili linatoka Jumapili, kwa hiyo unaposoma haya umekwisha kusema. Ikiwa ulisema kweli na wamekufukuza, nenda pamoja na Zena na mama yake kwa Afisa wa Kazi, na lile la mlango lipelekeni polisi, nawe uwe shahidi wa ulichosikia kwa hatua kumi. Siwezi kukuahidi kwamba utapata kazi nyingine upesi. Huenda mtashinda na njaa siku kadhaa, na inaniuma kukwambia hivyo.

Ikiwa ulisema ulikuwa utani, na moyo wangu unaniambia ndivyo ulivyosema, basi kesho asubuhi utaita majina kama kawaida yako. Jina la Zena utalikuta bado limo daftarini. Liite. Hakuna atakayeitika. Usilipite uende kwa linalofuata. Simama hapo hapo, mbele ya wanawake wale waliokuwa wakicheka pamoja nawe, mwite tajiri, useme kwamba Jumamosi ulimdanganya.

Ukitoka hapo nenda barazani kwa Bi Kijakazi, umwamkie. Asipoitikia, usimdai. Ondoka, na kesho yake mwamkie tena.